Kiapo cha Nyuki

Wakati meno ya utoto yakinitoka, baba yangu alikuwa mnunuzi wa nta na asali pale Bagamoyo. Wakwere walimletea kutoka Kiwangwa, naye akaihifadhi kwenye mitungi, chumba cha nyuma. Siku moja mtungi uliowekwa kwa ajili ya arusi ulikutwa nusu. Dada yake baba, Bi Mwantumu, akasema mwizi atatajwa na nyuki wenyewe.

Nyumbani kwetu kiapo hicho hakikuwa mchezo. Tuliamini kwamba nyuki humjua aliyeiba asali yake, na humvimbisha mwili mzima yeye tu. Shangazi alitupanga watoto wote uani, akawa anatoa nyuki kibuyuni mmoja mmoja, akimbana kwa kijiti juu ya mkono wa mtoto mpaka aume. Wenzangu walilia, wakatoka vivimbe kama kunde. Mimi sikuogopa hata kidogo. Sikuwa nimeionja asali ile, tena nilikwisha kuumwa siku za nyuma nikavimba kidole tu.

Mara mwili mzima ukaniwasha. Midomo ikafura, macho yakaziba, pumzi ikawa inapiga mluzi kifuani. Nikamsikia shangazi akisema, "Ndiye huyu! Ungama, mwanangu, nyuki akuachie."

"Nimekula," nikasema. Nilitaka kupumua, basi.

Nilipona. Lakini mama yangu maskini alizunguka kwa mawifi na wakwe akiomba radhi, kajitanda kaniki mpaka puani, na mtaani nikabandikwa jina la Kinywa-Asali, ambalo msichana mwingine angeliringia. Aibu iliniingia hadi nikaanza kujisadiki mwizi. Nilidhani labda niliamka usingizini nikala.

Kiangazi kilichofuata, Bi Mwantumu alikuwa akifagia ukumbini, mimi nikizoa taka, nyigu akashuka kutoka darini akamuuma shingoni. Niliona midomo yake ikifura kama ilivyofura yangu, nikausikia mluzi ule ule. Wanawake wakaja mbio. Hakuna aliyemwambia aungame. Bibi, mama yake mzazi, alimtazama, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu.

"Damu yenu ni moja," alisema taratibu. "Damu hii haipatani na sumu ya wadudu hawa. Tumemwonea mtoto."

Shangazi akanishika mkono. "Sikuiba kitu, mwanangu," alisema kwa taabu. "Wallahi sikuiba."

"Najua, shangazi," nikamjibu.

Alikata roho kabla ya alasiri.

Sasa mimi ni bibi, na wajukuu wangu nimewaonya: katika ukoo wetu nyuki na nyigu ni wa kukimbiwa, wala asivimbe mtu akaulizwa ameiba nini. Hata hivyo asali ikipakuliwa mbele za watu, bado nainamisha uso. Shangazi alipoapa, nilimsadiki papo hapo. Siku yangu mimi hakunisadiki hata mmoja, na mimi mwenyewe sikujisadiki.