Nyekundu Iliyokimbilia Kushoto

Ukitaka kumharibia Mzee Nukta siku yake, mwambie katuni zimerudi. Mwambie hivyo tu, kwa tabasamu, halafu jitenge pembeni.

"Zimerudi?" atakuuliza. "Kwani zilikuwa safarini?"

Kisha atakuonyesha kibanda cha magazeti kilichoko kona ya mtaa wake. Zamani, siku jarida la katuni linapotoka, watoto walijaa pale tangu asubuhi, wakisukumana mpaka muuza magazeti anatishia kufunga. Leo kibanda hichohicho kinauza soda, vocha na chaja za simu, na magazeti mawili matatu yamebanwa kwa jiwe yasipeperuke. Lakini kwenye kumbi za mikutano kuna watu wenye vitambulisho shingoni wanaohutubiana kuhusu ufufuo wa tasnia ya katuni. Nukta alialikwa mara moja. Aliketishwa mbele, akapigiwa makofi, akapewa chupa ya maji, na hakuona hata mtu mmoja ukumbini aliyeshika kitabu cha katuni. Alirudi nyumbani amenuna, hata chakula hakukitaka.

Jina la Nukta alipewa kazini, kwa sababu kila aliyemchora alikuwa na macho ya nukta mbili, awe mkubwa wa ofisi, awe mbuzi. Ujana wake wote uliishia katika chumba kimoja juu ya kiwanda cha uchapaji, meza ikiwa dirishani, sakafu ikitetemeka kila mashine za chini zilipoanza kunguruma. Humo ndimo alimomzaa Kimbelembele, jirani mwenye kitambi na shati jekundu, asiyeweza kuona watu wawili wakinong'ona bila kwenda kuwaamulia. Kila toleo Kimbelembele aliingilia yasiyomhusu, na kila toleo aliondoka suruali imechanika. Watu walivunjika mbavu.

Usidhani basi kwamba Nukta anazisifia enzi hizo. Nazo zinamkera.

"Nakala moja ilisomwa na darasa zima," husema. "Ikimrudia mwenyewe haina jalada. Wasomaji kibao, mnunuzi mmoja! Halafu jarida likafa, mtaa mzima mnalia. Mlitaka liishi kwa hewa?"

Jarida lilipokufa alichora vibao vya saluni na gereji, kisha vipeperushi vya afya vya maofisini, vyote kwa wino mweusi mtupu. Vipeperushi vilikuwa na kamati. Kamati ilisema mtu mchafu asichorwe na sura mbaya, wenye sura kama ile wasije wakakwazika. Kamati ikasema mbu asitabasamu. Nukta akamfuta mbu tabasamu lake, akarudi nyumbani, akamwambia mkewe kwamba sasa ameyaona yote.

Ndiyo maana binti yake wa mwisho alimjia na wazo lake akiwa amejiandaa kwa vita. Binti huyo na wenzake walikuwa na jarida lao la katuni, la kusomwa kwenye simu, na nakala chache wakizichapisha kwa wanaopenda karatasi. Alikuwa akifanya kazi palepale sebuleni kwa wazazi wake, kompyuta yake imekalia nusu ya meza ya chakula.

"Baba, nataka Kimbelembele arudi," alisema. "Uchore wewe mwenyewe, kwa rangi zilezile mbili za zamani."

"Asomwe kwenye simu?"

"Kwenye simu, na karatasi kidogo."

"Mtu anatelezesha kidole, shaa, hadithi imekwisha. Huyo hajasoma, amepapasa."

"Wanasoma, baba. Wanaacha na maoni."

"Dole gumba ni maoni?"

Alikataa siku hiyo, akakataa na kesho yake. Siku iliyofuata mkewe, muuguzi mstaafu asiye na muda wa maigizo, alimkuta uani anachonga penseli. Alimsogezea kiti. Ukweli ni kwamba Nukta alikuwa na hamu ya Kimbelembele mpaka mikono ilikuwa inamwasha.

Alichora kama alivyozoea. Kwanza mistari myeusi kwenye karatasi nyeupe. Kisha juu yake akalaza karatasi angavu, ile inayoonyesha kilicho chini yake, na humo akapaka nyekundu peke yake: shati, ulimi, alama za hasira juu ya kichwa. Kwenye kona za karatasi zote mbili akaweka misalaba midogo, ili mchapaji ajue pa kuzikutanisha. Alipomaliza alijitazamia kazi yake mezani, akaiona imenyooka. Akampa binti, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi akawa anapiga mluzi.

Binti akaziingiza karatasi kwenye kompyuta kwa skana, akakutanisha misalaba, akamgeuzia baba yake kioo cha kompyuta.

Nukta akainama kwenye kioo. Shati la Kimbelembele lilikuwa limemtoka mwenyewe, limesogea kushoto upana wa punje ya mchele. Ulimi ulikuwa nje ya mdomo, umesimama hewani kama unamsubiri mwenyewe. Kila kilicho chekundu kilikuwa kimekimbilia kushoto.

"Kompyuta yako mbovu," alisema.

"Misalaba imekutana, baba. Angalia."

"Basi hiyo skana ndiyo mbovu."

Binti akarudia. Nyekundu ikaenda kushoto. Nukta akachora ukurasa mwingine, taratibu, miwani ikiwa puani, pumzi ameibana. Mezani aliuona sawa kabisa. Kwenye kioo nyekundu ilikwenda kushoto, kiasi kilekile. Hapo hofu ikamwingia, hofu ya kweli, ile inayomfanya mtu awe mkali kwa kila kitu. Alimfokea binti, akaifokea feni, akauliza nani kahamisha rula yake ilhali rula ilikuwa mkononi mwake. Mchoraji anayeona kilichopinda kuwa kimenyooka, kazi yake imekwisha, na hilo hakuhitaji kuambiwa na mtu.

"Kesho tunakwenda kwa daktari wa macho," mkewe alisema.

"Macho yangu mazima."

"Ndivyo walivyosema wagonjwa wangu wote. Vaa shati safi."

Daktari alimpima, akamsomesha herufi, akammulika, akasema kwa umri wake macho yale ni ya kujivunia. Mtu mwingine angefurahi. Nukta alitoka pale amelegea.

"Kama si macho," alimwambia mkewe barabarani, "basi ni kichwa, mama watoto. Kichwa ndicho kimeharibika."

"Kichwa chako nakijua mimi. Kina kelele tu, ubovu hakina," alijibu mkewe, lakini alimshika mkono mpaka nyumbani, jambo ambalo halikuwa desturi yao.

Walipofika, walimkuta binti ameketi sakafuni sebuleni. Alikuwa amelivuta kutoka uvunguni sanduku la bati ambamo mama yake alihifadhi kazi za zamani za mumewe, karatasi nyeupe na karatasi angavu zake, na pembeni majarida yaliyochapwa. Alitaka apate shati la Kimbelembele la zamani la kuigia. Sasa alikuwa amelaza karatasi moja juu ya nyingine, msalaba juu ya msalaba, uso ameukunja.

"Baba, njoo uone," alisema. "Hii uliichora kabla sijazaliwa. Nayo nyekundu yake imekwenda kushoto."

"Usinitanie mwanangu, leo sina moyo."

"Na hii pia. Na hii. Zote, kiasi kilekile." Kisha akafunua jarida lenyewe, karatasi yake imekuwa ya manjano. "Ila hapa zilipochapwa zimekaa sawa. Shati mwilini, ulimi mdomoni. Sasa nani alikuwa anazinyoosha?"

Nukta akalichukua jarida, akalilinganisha na karatasi. Halafu akakaa kwenye mkono wa kochi, akaanza kucheka, na kicheko chenyewe kilikuwa cha hasira.

"Bimkubwa!" akasema. "Yule mshenzi!"

Bimkubwa, akawasimulia, ilikuwa mashine ya kuchapia iliyokuwa chini ya chumba chake, kongwe, waliyoipa jina hilo kwa sababu ilikuwa haisahihishwi. Ilivuta nyekundu kwenda kulia. Kipuri chake hakikupatikana popote, kwa hiyo fundi wake, jitu moja waliloliita Grisi, alipanda ngazi wiki ya kwanza ya Nukta kazini, mikono myeusi mpaka viwikoni, akamwambia: "Kijana, mimi huyu siwezi kumnyoosha. Wewe pindisha." Nukta akapindisha. Mwanzoni alikuwa akipima kwa rula, baadaye mkono ukajua wenyewe, na mwisho hata jicho likazoea kuona kushoto ndiko katikati. Kila asubuhi ya kuchapa alikuwa akichungulia chini ngazini na kuuliza, "Bimkubwa kaamkaje leo?" Na Grisi anajibu, "Vibaya kama jana." Ndipo kazi inaanza.

"Iko wapi sasa hiyo mashine?" binti aliuliza.

"Waliikata vipande wakaiuza chuma chakavu. Imekufa, na mimi nipo hapa bado naipindishia rangi!"

Sebule nzima ikapumua. Mkewe alikwenda jikoni kuchemsha chai, na Nukta akaketi mezani kwa ari ya bwana harusi. Kama ni mazoea tu, alisema, mazoea yanavunjwa.

Hayakuvunjika. Alipochora kwa raha yake, nyekundu ilikwenda kushoto. Alipoulazimisha mkono, nyekundu ilikaa sawa, lakini Kimbelembele alikakamaa kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Kitambi hakikuchekesha, hasira yake ilikuwa ya mtu anayesoma tangazo. Alichora, akachana, akachora, akachana, mpaka miguu ya meza ikazama kwenye vipande. Binti alimwambia asijali, rangi inaweza kusogezwa kwenye kompyuta.

"Nisogezewe?" Nukta alifoka. "Nichore makosa, mtoto apite nyuma yangu ananisafisha? Mimi si wa kufutwa makamasi! Waandikie wasomaji wako Kimbelembele amefariki. Wataweka dole gumba."

Akaziweka penseli ndani ya sanduku la bati pamoja na karatasi, akalisukuma uvunguni kwa mguu. Siku kadhaa hakumtaja Kimbelembele wala kusema lolote kuhusu katuni. Kibanda cha kona alikipita bila kukitukana, na hilo lilimtisha mkewe kuliko makelele yote ya maisha yao.

Asubuhi moja alipotoka chumbani, alikuta meza ya chakula imepanguswa, penseli na karatasi zake za Kimbelembele zimepangwa, na kiti chake kimesogezwa. Binti alikuwa mbele ya kompyuta, hakugeuka.

"Nimeiharibu," alisema.

"Umeharibu nini?"

"Kompyuta. Kila nyekundu inayoingia, inaivuta kulia. Hata ya kwangu mimi. Ukichora sawa, itapinda. Hapa ndani hamna wa kukusafisha, baba. Kuna mashine mbovu, na inataka mtu anayeijua."

Nukta akasogea. Kwenye kona ya kioo, mahali programu inapoandikwa jina, binti alikuwa ameandika Bimkubwa.

Mzee alikuwa na mengi ya kulalamikia: mashine nzima imeharibiwa kwa ajili ya mtu mmoja, mtoto wa siku hizi hana adabu kwa vyombo, sasa wenzake watafanyaje kazi. Yote akayaacha. Alivuta kiti, akaketi, akalaza karatasi angavu juu ya ile nyeupe, akashika brashi.

"Bimkubwa kaamkaje leo?"

"Vibaya kama jana, baba."

"Haya," alisema Nukta, akachovya wino mwekundu. "Tufanye kazi."