Linux yenye muhuri

Juzi, nikiwa kwa fundi mmoja wa kompyuta hapa Kisangani, mtumishi wa serikali alikuja kuchukua mashine yake. Fundi alikuwa ameiwekea Debian, aina moja ya Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta, akampa na mwongozo aliouchapisha kutoka mtandaoni.

Mteja alipekua kurasa zote, akatazama hadi nyuma ya ule wa mwisho.

“Bon, ni nani alitia signature?”

“Batu mingi baliandika, papa. Bure tu.”

“Bure? Na cachet iko wapi?”

Fundi akachukua muhuri wa duka, akagonga kila ukurasa. Mteja akaondoka ameridhika.

Ukurasa mmoja ulisahaulika kwenye printa. Nikausoma: mwongozo ni wa Fedora, Linux nyingine yenye amri tofauti na za Debian. Nikamwonyesha fundi.

“Atarudi na mwongozo,” akasema polepole, “na cachet ni yangu.”