Ongeza Haidroliki

Mtu akiniambia kitu kimekufa, namuuliza kwanza: umekipima? Ndiyo tabia yangu, na imenigombanisha na wengi. Kwa hiyo kaka yangu mkubwa aliponipigia simu kwamba gia boksi la pikapu ya baba limekufa, na kwamba mzee ndiye aliyeliua, damu ilinipanda hadi masikioni.

"Umri umemfika," akasema. "Tuiuze vyuma chakavu, na mzee asiguse tena usukani."

"Nani kalipima?"

"Kupima nini? Linateleza! Injini inalia, gari haliendi!"

Pikapu yenyewe ni ya gia oto, kuukuu, rangi imebanduka mlango mmoja. Baba aliinunua alipostaafu udereva wa trekta kwenye shamba la mkonge. Babu yetu alikuja pwani kutoka bara akiwa manamba, kibarua wa mkataba, baba akazaliwa humo humo shambani, na miaka thelathini aliimalizia juu ya trekta. Tangu mama afariki anaishi peke yake nje kidogo ya Kigombe, na pikapu ndiyo miguu yake. Inampeleka sokoni na nazi zake, Jumapili inampeleka kanisani, na akisikia jirani ana mgonjwa, anawasha gari kabla hajavaa viatu sawasawa. Kumnyang'anya usukani ni kumzika huku anapumua. Nikaapa hilo halitatokea mimi nikiwa hai.

Kesho yake nilifunga duka langu la vitambaa mjini nikaenda. Nilimkuta barazani, ufunguo ameuweka mezani mbele yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama."

Ananiita mama kwa sababu nimechukua jina la mama yake. Siku nyingine angeanza hapo hapo kunisimulia habari za kijiji kizima. Siku hiyo alisema marahaba tu, akatazama pembeni. Iliniuma kuliko maneno yote ya kaka.

Nikachukua ufunguo. Nikawasha, nikakanyaga breki, nikaweka D, nikahesabu. Moja, mbili, tatu, ndipo gari likashtuka na kushika. Rivasi, vivyo hivyo. Kwenye kilima kidogo cha kutokea barabarani injini ikapiga kelele na gari likajivuta kwa uvivu. Lakini baada ya mwendo kidogo, lilipopata moto, nikasimama nikajaribu tena. Moja, likashika. Nikajiambia, maiti haipati nafuu kwa kuota jua. Hili lina uhai, na leo atapatikana wa kuniambia linaumwa nini.

Nikaenda nalo polepole hadi mjini, bodaboda wakinipita na kunizomea. Wazomee! Fundi wangu ni Mpemba, mtu wa swala tano na mzaha mwingi. Alilisikiliza likiingia getini, akatikisa kichwa.

"Dadangu, hili limeshatangulia mbele ya haki. Tutafute gia boksi jingine."

"Umelipima?"

"Masikio yangu ndiyo kipimo."

"Masikio yako yana usingizi. Lipime."

Akacheka. "Wallahi, wewe mwanamke una roho ngumu!"

"Nina baba," nikamjibu.

Akaniambia niache injini inaunguruma, kwa sababu oili ya oto haipimwi gari likiwa limezimwa. Ukizima, oili inashuka yote chini na kijiti kinakudanganya. Akapitisha gia zote, akarudisha P, akachomoa kijiti. Nikampa kipande cha kitambaa cheupe kutoka dukani kwangu. Oili ya oto inatakiwa iwe nyekundu kama juisi ya rozela. Kilichobaki kwenye kitambaa changu kilikuwa na rangi ya asali.

Mzaha ukamwisha. Akanusa. Haikunuka kuungua. Akaisugua kati ya vidole, nzito. Akazima injini, akaingia chini ya gari, akamwaga oili, akafungua bakuli lake, akachungulia sumaku iliyomo ndani. Hakukuwa na vipande vya chuma, ila ule utando mweusi mwembamba ambao kila gia boksi linao. Akatoka akijifuta mikono.

"Astaghfirullah, nilishalizika bure. Halijafa, dadangu. Limelishwa chakula kisicho chake. Hii ni haidroliki ya trekta. Nani kalitia?"

Nilifungua mdomo niseme, baba jamani, huyu mzee! Ndipo nikakumbuka.

Wiki mbili nyuma baba alikuwa amenipigia simu. Alisema gia zinachelewa kidogo asubuhi, je, afanyeje? Duka lilikuwa limejaa, kulikuwa na harusi mbili mtaani, na mimi nikamjibu kwa ukali: "Baba, ongeza tu haidroliki!" Nikakata. Mafundi wa mjini wote wanaiita haidroliki ile oili nyekundu ya oto, nami nimezoea hivyo. Lakini shambani kwa baba haidroliki ilikuwa moja tu, ile inayonyanyua jembe la trekta. Aliijua kama anavyoijua sala ya Baba Yetu. Niliagiza, naye akatii. Ulimi hauna mfupa, kweli.

Niliona aibu mpaka machozi yakanitoka pale gereji. Fundi akajifanya anatafuta spana.

Kilichoanzisha kuchelewa kwa gia kilikuwa bomba dogo linalopeleka oili kupozwa kwenye rejeta, lilikuwa linavuja. Akalibadilisha. Tukajaza oili nyekundu, nikazunguka hadi Tongoni na kurudi, tukamwaga tena, maana nyingine hubaki tumboni. Siku mbili. Mara ya tatu kitambaa kilitoka chekundu, na nilipoweka D sikupata hata nafasi ya kusema moja.

Nikampelekea baba gari lake. Alikuwa pale pale barazani. Nikamweleza yote, kisha nikamuuliza, "Mbona hukumwambia kaka kwamba mimi ndiye niliyekuagiza?"

"Angekugombeza."

"Si ungemwacha anigombeze! Wewe amekuita mzee aliyeishiwa, ukanyamaza?"

Akapangusa meza kwa kiganja, ingawa ilikuwa safi.

"Ulikuwa na wateja, mama," akasema. "Nilikupigia saa mbaya."

Nikampigia kaka, nikaweka sauti kubwa ili mzee asikie, nikasema, "Gari nililiharibu mimi. Baba alifanya nilichomwambia." Kaka akaanza kufoka, nami kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikamwacha afoke mpaka mwisho. Kabla hajamaliza, baba alishachukua ufunguo mezani akaenda kuwasha gari.