Kibao cha Samaki pale Nyamasaria

Siku hizi mjukuu wangu akinipitisha mjini Kisumu kwa gari, naona mabango ya taa, maandishi yanakimbia kama yanafukuzwa. Mimi niliishia darasa la tatu. Nikishika neno la kwanza, la mwisho limeshazimika. Aliyeyaandika hajawahi kuuza kitu kando ya barabara. Mimi nimeuza.

Ilikuwa miaka ya themanini, Nyamasaria ikiwa bado nyasi na mbuzi. Nilichoka kupalilia miwa ya watu Muhoroni, nikafungua hoteli ya mabati: samaki, ugali, chai. Bwanangu alikuwa mzee wa kanisa. Akasema hoteli isiposimama kufikia Krismasi, tunarudi kwa miwa.

Kibao alikiandika mwenyewe. Kwanza salamu ya Bwana Yesu, kisha mstari mzima wa Biblia, ndipo chakula, mpaka sukuma wiki. Herufi ndogo, safi, zimejipanga kama kwaya. Waumini walikuja kukisifu, wakanywa maji, wakaenda. Magari nayo yalipita tu. Jioni samaki wawili niliowapika kwa wateja tuliwala sisi wenyewe.

Siku moja dereva wa lori alisimama kuomba maji ya rejeta. Nikamuuliza mbona madereva hawaingii kula.

"Kwani hapa kuna chakula, Mama?"

"Kibao hukioni?"

"Nakiona kila siku. Nilidhani ni kanisa. Nikianza 'Bwana Yesu', nikifika 'asifiwe' niko Ahero."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta, halafu nikaona uchungu. Jioni nikamwambia mzee kile kibao nakifuta.

"Mama, unamfukuza Mungu barabarani?"

"Mungu aingie ndani akae na wageni. Hao wameketi, wana nafasi ya kusoma. Nje aniachie samaki."

Akainuka, akaenda kulala. Lakini asubuhi nilimkuta ameinama na brashi, anapaka neno moja, SAMAKI, jeusi juu ya nyeupe, kubwa hata ng'ombe angesoma. Tukakisimamisha mbali kidogo kabla ya hoteli, dereva apate kupunguza mwendo. Mstari wake akauandika ukutani, juu ya meza.

Kabla ya saa sita lori la miwa likaacha lami. Mzee akatoka kumpokea dereva kwa mikono miwili, kama anampokea askofu, kisha akaniita jikoni: "Mama, kata ugali mkubwa."

Muhoroni sikurudi tena na jembe. Nilirudi kwa matanga tu.