Sukari ya Tyra Ilivyonyooka Wiki Nzima

Simu inaniambia sukari ya binti yangu ni tano nukta tisa, safi kabisa. Binti mwenyewe amekaa kwenye ngazi za mlangoni, anatoka jasho kwenye baridi ya Umeå, huku Sweden, na jina la mbwa wetu limemtoka kichwani.

Nikaiamini simu. Ndiyo, mimi huyu huyu.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Tyra ana miaka tisa na kisukari cha aina ya kwanza, kile ambacho mwili hautengenezi insulini. Mkononi anabandikwa kidude kinachopima sukari na kunitumia namba kwenye simu. Daktari alitupa lengo: kati ya nne na nane.

Huku kwetu watoto hula pipi Jumamosi tu. Basi nami, mjanja wa mjini, nikaweka sheria.

"Ukikaa ndani ya lengo wiki nzima, unajaza mfuko wa pipi. Ukitoka, nusu."

Yaani nilimuahidi mtoto wa kisukari sukari ili asipandishe sukari. Cheka tu.

Shule zilikuwa zimefungwa, anashinda na baba yangu, mzee Ragnvald, ghorofa ya chini. Jumatatu kidude kilitakiwa kubadilishwa, mzee akajitolea kumbandika kipya.

Kuanzia hapo namba zikatulia kama maji ya mtungi. Kazini nikawa kero, kila mtu namwonyesha simu.

Mpaka Ijumaa hiyo, wametoka kuteleza kwenye theluji.

"Tyra, mbwa anaitwa nani?"

"Mbwa gani?" Akacheka, midomo imepauka.

Nikaogopa kweli. Nikamtoboa kidole, nikapima damu yenyewe. Mbili nukta tisa. Nikamnywesha juisi.

Alipopata nafuu nikampandisha mikono ya sweta. Mikono yote miwili mitupu.

Nyuma yangu mzee akakohoa, akakunja mkono wa shati. Kidude kimetulia kwenye mkono wake.

"Mzee, umefanya nini?"

"Mtoto alikuwa anautaka mfuko, mwanangu. Tulikuwa tunampima kidoleni. Leo theluji imetunogea, tukasahau."

Nikampigia nesi wetu, Ylva. Akacheka kwanza, kisha akanipa zangu.

"Wiki nzima hapandi wala hashuki, na wewe ukaamini? Lengo ni akae humo muda mwingi, siyo kila dakika. Akitoka unamrudisha, humnyang'anyi pipi."

Jumamosi Tyra alijaza mfuko, tukachoma insulini yake, maisha yakaendelea. Mzee naye akadai wake, eti ndiye pekee aliyefikia lengo.

Jamani wazazi wenzangu, ukimlipa mtoto kwa namba, atakuletea namba. Mimi nilikuwa nazishangilia, na mwanangu anazimika mbele ya macho yangu.