Imondo Kwenye Leso

Wenzangu, hii hadithi sijawahi kuimaliza nikiwa nimekaa wima, nikifika pale kwa paka nainama tu nafunika uso, lakini kwa vile mmeisikia nusunusu huko nje na mkanicheka nusunusu, leo nichekeni yote tumalizane. Mimi, mwalimu wa Kiingereza, mtu mzima na digrii yangu, nilikaribia kukosa bwana kwa sababu ya firigisi ya kuku.

Jumamosi hiyo wazee wa kina Brian walikuwa wanatoka Kabras kuja kwetu, hapa nje kidogo ya mji wa Kakamega, kuzungumza mambo ya posa. Brian ndiye mchumba wangu, na aliyeongoza msafara ni baba yake mkubwa, Mzee Lutomia, mkulima wa miwa, mtu wa maneno machache, ambaye Brian alikuwa amenionya mapema: "Huyo akisema hapana, imeisha. Hata baba hawezi kumpinga." Kwa hivyo mnaelewa roho yangu ilivyokuwa.

Na mnajua mila zetu: mgeni mkubwa anapikiwa jogoo, na ndani ya jogoo kuna imondo, yaani hiyo firigisi, na imondo ni ya mwanamume anayeheshimiwa, mwanamke haipeleki mdomoni. Sahani ikifika mezani bila imondo, mgeni hahitaji kuelezwa kitu, anajua ama amedharauliwa, ama kuna mwanamume mwingine kwa hiyo nyumba ameshaila (na hii ni nyumba ya msichana anayeposwa, hebu niambieni, huyo mwanamume mwingine ni nani?).

Jikoni tulikuwa wawili, mimi na senge, dada ya marehemu baba, huku Mama akiwa sebuleni anatandika vitambaa kwa viti. Senge ana binti Amerika, na asubuhi hiyo alikuwa amepiga simu akajibiwa na mjukuu, akaambiwa "No one is home," na tangu hapo hakuwa na amani.

"Doreen, wewe ndiye unafunzanga hii lugha," akasema, mwiko mkononi. "Huyo 'one' si ni mmoja?"

"Ni mmoja, senge."

"Na 'is home' si ni yuko nyumbani?"

"Eeh."

"Basi kuna mmoja yuko nyumbani! Sisi tukisema hakuna mtu, tumeshafunga mlango. Hao wanamchukua mmoja, wanamvalisha 'no', halafu wanamwacha amekaa kwa kiti. Kwa nini?"

Sasa hapo, mtu mwenye akili angesema, "Senge, songa ugali," na leo ningekuwa na heshima yangu. Lakini swali lilinishika. Miaka yote nimefundisha hayo maneno sijawahi kuyasimamisha niyaulize yametoka wapi! Nikaanza kuwaza kwa sauti, kwamba "not one" ni kama umetafuta, ukaangalia huyu si yeye, yule si yeye, mpaka ukakosa hata mmoja, na "none" ni kama hiyo "no" imemmeza kabisa huyo "one", ukichungulia vizuri bado unamwona tumboni. Senge macho yamemtoka.

"Nionyeshe," akasema.

Na sisi walimu siku hizi tumeambiwa tufundishe kwa vitu halisi, mtoto aone, aguse. Nikatazama sufuria. Viazi vingi, vipande vingi, na katikati kitu ambacho kuku huwa nacho kimoja tu. (Najua. Nyamazeni kwanza.) Nikaichota imondo, nikaipuliza ikapoa, nikaiinua juu. "One." Halafu nikaikunja kwa kipande cha jani la ndizi, nikaichomeka kwa leso kiunoni, nikamwonyesha mikono mitupu. "None."

Senge akapiga makofi. "Kumbe! Imeondoka na moja yake!"

Hapo hapo Mama akaita, "Doreen! Wageni wako kwa geti!" na mimi kila kitu kikanitoka kichwani, nikapakua, nikakimbia na kuku, nikanawisha wazee mikono nikiwa nimepiga magoti kwa adabu, Brian ananitazama anatabasamu, nami najiona bibi harusi kamili.

Chakula kikaombewa, Mzee Lutomia akachukua kijiko. Akageuza paja. Akageuza shingo. Akainua kifua akachungulia chini yake, kisha akaweka kijiko polepole.

"Imondo iko wapi?"

"Iko hapo, mzee," Mama akasema.

"Haiko."

"Hakuna mtu amekula!"

"Hakuna mtu amekula, na haiko," Mzee akasema. "Huyu kuku alikuwa anasagia mahindi na nini? Ama kuna kijana alitutangulia hapa?"

Brian akanitazama. Lile tabasamu likaisha, na haki ya Mungu, hayo macho yaliniuma kuliko maneno ya mzee. Na ndipo nikasikia joto kidogo hapa kiunoni. Woi! Nikaanza kurudi nyuma taratibu kuelekea jikoni, nikijiambia nitaitoa huko niirudishe kwa sahani niseme ilibaki kwa sufuria, lakini paka wa Mama alikuwa ameshanusa, akanifuata analia, nikampiga teke la siri, akaona hiyo si kitu, akaruka akaning'inia kwa leso. Leso ikafunguka. Jani likaanguka. Imondo ikabiringika ikapita meza, ikaenda kusimama kando ya kiatu cha Mzee Lutomia.

"Yesu wangu," Mama akasema.

"Alikuwa amejiwekea," mzee mwingine akanong'ona, na kila mtu akasikia. "Hata hajaolewa."

Nami, kwa akili zangu zote, nikasema, "Nilikuwa nafundisha Kiingereza."

Mzee akachukua kofia yake, akasimama. Nilijua imeisha. Lakini mvua ya mchana ya Kakamega haijui mambo ya posa, ikashuka juu ya mabati huwezi kusikia hata mawazo yako, na kwa matope yale hakuna bodaboda ingetoka. Mzee akakaa tena. Tukakaa wote, chakula kinapoa, hakuna anayetazama mwenzake, mpaka mzee mwenyewe akashindwa kuvumilia.

"Kiingereza gani hicho kinafundishwa na imondo?"

Senge ndiye alitoka jikoni na mwiko wake akaeleza yote, simu, mjukuu, mmoja aliyevalishwa "no" akaachwa kwa kiti. Mzee akasikiliza, akaegemea mbele.

"Kwa hivyo hata kama hayuko, lazima wamtaje?"

"Lazima, baba," nikasema. "Huwezi kusema 'no one' bila kumtaja huyo 'one'."

"Hata wakikataa?"

"Hata wakikataa."

Mvua ilipopungua, akasimama. "Mama Doreen, mila ni mila. Siwezi kurudi Kabras niseme nimetafutia kijana mke nyumba iliyoninyima imondo. Leo jibu ni hapana."

Nililia pale pale, bila kujificha. Mzee akafika mlangoni, akageuka.

"Usilie, mwalimu. Hiyo hapana nimeisema ya Kiingereza. Kuna mmoja ndani."

Walirudi mwezi uliofuata. Nilipigwa marufuku kukaribia jikoni. Senge alileta sahani na imondo imekaa juu kabisa, peke yake, kila mtu aione, na Mzee akaila polepole bila haraka yoyote, kisha akanionyesha ile nafasi tupu.

"Mwalimu, hii inaitwaje?"

"'None', baba."

"Vizuri. Sasa tuzungumze."

Tangu hapo nafundisha kwa chaki tu, na nimeapa ni chaki mpaka nistaafu. Chaki ikipotea, hakuna mzee atatoka Kabras kuja kuiulizia. Lakini juzi senge amenipigia, ati mjukuu sasa anasema "nobody", na kwamba ameambiwa "body" ni mwili, basi huo ni mwili wa nani? Swali likanishika, nikafungua mdomo nianze, nikamkumbuka yule paka.

"Senge," nikamwambia, "songa ugali."