Filamu Tuliyoirekodi Kwenye Ufuta wa Mama Salma

Nilifunga safari ya kusini kwa sababu ya maneno ya msambazaji mmoja wa filamu pale Dar es Salaam. Alikuwa ameziangalia filamu zangu mbili za uhalifu, zote hadi mwisho, na kwa hilo tu anastahili shukrani. Akaniambia kwa upole, "Gaspa, picha safi, sauti safi, waigizaji wanajitahidi. Ila sioni tofauti ya filamu hizi na za mtu mwingine yeyote." Nilitoka ofisini kwake nimenyong'onyea. Bastola zilikuwemo, magari ya kufukuzana yalikuwemo, na muziki wa kutisha ulikuwemo. Mimi ndiye sikuwemo.

Wiki hiyohiyo nikapata ujumbe wa sauti kutoka kwa Bi Asumini. Huyu ndiye mwongozaji aliyenilea. Nilianza kwake kwa kubeba nyaya, nikaishia kuwa mhariri wake wa picha. Filamu zake zote ni za taharuki, na mtu akizikuta katikati, hata bila kuona jina, anasema, "Hii ni ya Bi Asumini." Baada ya kufanyiwa upasuaji wa koo alirudi kwao Nachingwea, na tangu hapo sauti yake imebaki kama mnong'ono. Nililazimika kuibandika simu sikioni ili nimsikie. "Mwanangu, ninatengeneza filamu huku. Mpiga picha wangu amepata kazi nyingine, ameniacha katikati. Njoo unimalizie."

Sikumwambia kwamba nami nilikuwa na haja yangu. Nilitaka kwenda kumchungulia anavyofanya, nirudi na siri.

Alfajiri ya siku ya safari nilipanda basi Mbagala, karibu na nyumbani kwa mama yangu, kamera nimeipakata kama mtoto mchanga. Tulivuka Rufiji jua likiwa bado dogo. Somanga tukashuka kula samaki wa kukaanga, kisha nikalala hadi tulipoiacha barabara ya pwani na kuanza kupanda bara. Kuanzia Mtama mikorosho ilitusindikiza pande zote mbili, na kila kijiji kilikuwa na mafungu ya ufuta yamesimamishwa jua lipate kuyakausha. Jirani yangu kwenye kiti, mama aliyekuwa akirudi Mkotokuyana, alinigawia karanga za kuchemsha bila hata kuniuliza jina. Aliponiuliza ninakokwenda nikamwambia kwenda kutengeneza filamu ya wauaji, akazitazama karanga mkononi mwangu kama anayetaka kuzichukua. Tukacheka wote.

Jioni nikashuka Nachingwea. Bi Asumini alikuwa stendi amenisubiri, amekonda, kitenge amekifunga kwa uhodari uleule. Nilimwamkia nikiwa nimeinama, na nikabaki nimeinama ili nisikie jibu.

Tulipomaliza kula, ugali na kisamvu cha karanga, sikuweza kuvumilia. Nikamuuliza kitu ambacho miaka yote niliyokuwa naye sikuwahi kuuliza: kwa nini kamera yake iko chini siku zote? Filamu zake huonyesha mikono, miguu, pindo za kanga, vikombe. Uso wa mtu mbaya unaweza kuupata mara moja tu.

"Ulidhani ni ufundi?" akanong'ona.

"Ndiyo, Mama."

"Nilivyolelewa mimi, mtoto wa kike hamtazami mkubwa usoni. Baba akiingia na wageni, unapiga goti, unatazama chini. Sasa utajuaje nani mwema na nani wa kumwogopa? Unajifunza kusoma miguu. Huyu anatulia. Huyu kisigino kinacheza, ana jambo. Nilipopata kamera, nikaishika pale yalipokuwa macho yangu." Akanywa maji, maana maneno mengi humuumiza. "Watu wakasema nina mtindo. Nikanyamaza, nikasema alhamdulillah."

Nililala nikiwaza. Nilikuja kuchukua siri, na siri yenyewe ilikuwa utoto wa mtu. Ningeibebaje kurudi nayo Mbagala?

Asubuhi tukakodi gari hadi Likunja, upande wa Ruangwa. Huko tulipokewa na Mama Salma, mkulima aliyekubali kuigiza nafasi kubwa ya filamu, na mumewe, Bwana Issa, aliyetuachia ua na shamba lake tufanyie kazi. Mama mzazi wa Issa, ambaye wote walimwita Bibi, alikuwa amekaa barazani. Kiswahili chake ni kidogo. Kimwera ndiyo lugha yake. Aliitazama kamera yangu, akasema neno, wakacheka. Mama Salma akanifasiria: "Anauliza kama hilo jicho huwa linalala."

Hadithi ya filamu ilikuwa fupi. Mwanamke mjane, mumewe aliuawa njiani na muuaji hakujulikana. Siku moja mpita njia anaomba maji na chakula. Mjane anapomnawisha mikono anaona makubazi aliyovaa: mkanda umeshonwa kwa uzi wa buluu, na uzi huo aliushona yeye mwenyewe, kwa mumewe. Anajua. Mgeni hajui kwamba anajua. Na ugali uko mezani.

Mgeni muuaji aliigizwa na Chande, fundi pikipiki wa Nachingwea, mtu mpole sana, anayeomba radhi hata kwa kuku akimkanyagia kivuli. Bi Asumini, kwa kuwa hawezi kupaza sauti, alipiga kofi moja kuanza na mawili kusimamisha. Nilirekodi onyesho la kunawisha nikiwa nimelala kifudifudi. Maji yanatiririka kwenye vidole, halafu nyuma yake uzi wa buluu, halafu maji yanaendelea kumwagika ingawa mikono imeshatoka. Mimi mwenyewe, niliyekuwa nikijua kila kitu, nywele zilinisisimka.

"Umeona?" Bi Asumini aliniambia. "Mtazamaji amejua, mgeni hajajua. Sasa hata kumega tonge kunatisha." Kisha akanigusa bega. "Onyesho linalofuata, mgeni anaporudi kumtafuta mjane, nakupa wewe. Liongoze upendavyo."

Mchana huo nikafanya nilichozoea. Nikapanga mbio. Mama Salma akimbie kupitia shambani, kati ya mafungu ya ufuta, Chande nyuma yake, mimi nikiwafuata na kamera. Bwana Issa alitusihi tupite ukingoni tu, maana ufuta uliokauka ukiuangusha, vitumba vinamwaga mbegu zote. Nikamwahidi. Mara ya kwanza tukapita salama. Mara ya pili nikaona haina msisimko, nikamwambia Chande asogee ndani kidogo na aongeze kasi.

Chande akateleza. Alishika fungu la karibu ili asianguke, nalo likaangukia la jirani, na hilo likaangukia jingine. Ulisikika mnyunyizo kama mvua ndogo juu ya majani makavu. Vumbi lilipotulia, ufuta ulikuwa umetapakaa ardhini, mweupe juu ya mchanga mwekundu.

Bwana Issa alikuja mbio. Hakutukana. Alichuchumaa, akachota mkononi, akaona mchanga uliochanganyika, akauachia. "Ufuta wenye mchanga ghalani haupokelewi," akasema. Kisha akasimama. "Filamu basi. Fungeni vitu vyenu."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwambia kosa ni langu, si la Chande, akanipita kama hanioni. Bi Asumini alimsogelea akajaribu kuomba radhi, lakini sauti haikutoka kabisa. Ikabidi aombe kwa mikono miwili iliyounganishwa. Kumwona yule mama, aliyewahi kuongoza watu wengi kwa neno moja, ameunganisha mikono kwa ajili ya ujinga wangu, kuliniuma kuliko kufukuzwa.

Ni Mama Salma aliyekata shauri. Alikwenda ndani akarudi na turubai, chekeche na nyungo. "Kwanza tuokoe ufuta," akasema. "Hasira itatusubiri, haina miguu."

Mchana wote uliobaki tulikuwa chini. Majirani walikuja mmojammoja, kila mwanamke na ungo wake, hakuna aliyeitwa. Tulifagia kwa vijiti laini, tukachekecha, wakapepeta, tukarudia. Bibi mwenyewe aliteremka barazani akakaa kwenye turubai, akaninyang'anya chekeche nililokuwa nikilishika vibaya, akanionyesha: taratibu, mkono ucheze, mwili utulie. Chande alichekecha kichwa kikiwa chini, karibu alie. Bwana Issa, aliyekuwa upande wa pili, alimtazama kwa muda, akashindwa kujizuia. "Muuaji gani wewe," akamwambia, "unayeshindwa na ufuta?" Watu wakaangua kicheko. Chande akacheka huku anafuta macho. Nikajua tumesamehewa, au tumeanza kusamehewa.

Kuelekea jioni ndipo niliposikia kitu. Mama Salma alikuwa akipepeta mbele yangu, na ungo wake una mwendo: shaa, shaa, kisha pigo dogo la kutupa makapi. Mumewe alikuja nyuma yake kuangalia kiasi kilichopatikana. Mama Salma hakumwona, alisikia tu hatua. Ungo ukasimama. Halafu ukaanza tena, lakini mwendo haukuwa uleule. Ulikuwa wa haraka kidogo, wa mtu anayejifanya hana wasiwasi.

Nikaganda na chekeche mkononi. Mama yangu ni fundi cherehani. Nilikua nikiyasoma mambo ya nyumba yetu ya kupanga kwa mlio wa ile mashine. Ikilia sawasawa, kuna amani. Ikikatika ghafla, mlangoni kuna mtu asiyetakiwa. Ikianza tena kwa haraka, mama anaogopa na hataki sisi watoto tujue. Nilikuwa nikilala chini ya meza ya cherehani nikisikiliza. Kitu hiki sijawahi kumwambia mtu, na sijawahi kukiweka kwenye filamu yoyote. Katika filamu zangu nilikuwa nikifunika kila kitu kwa muziki.

Nilimsogelea Bi Asumini nikamweleza. Alisikiliza huku akiokota kokoto kwenye ufuta. "Sasa hivyo ndivyo," akanong'ona. "Hilo si langu. Mimi nisingelisikia."

Kesho yake, kwa ruhusa ya Bwana Issa mwenyewe, tulirekodi onyesho upya uani, bila mbio. Ufuta ulikuwa umeokolewa karibu wote, tena ulikuwa umepepetwa vizuri kuliko awali, hata Issa alikiri. Niliomba jambo moja: kamera isitazame mlangoni. Mama Salma anapepeta, amegeukia kwetu. Nyuma yake, mbali, hatua. Ungo unasimama. Unaanza tena, tofauti. Muuaji anasimama mgongoni kwake akijifanya amerudi kuaga na kushukuru kwa chakula, naye anaitikia, anapepeta, anaitikia. Chande, aliyeambiwa awe mpole kama alivyo kila siku, alikuwa wa kutisha kuliko muuaji yeyote niliyewahi kumpa bastola. Bi Asumini hakupiga kofi. Aliniachia mimi nipige.

Siku ya kuondoka Likunja tuliwaonyesha wenyeji tulichorekodi. Tuliziba madirisha ya chumba cha mbele kwa kanga, tukaweka kompyuta juu ya kinu kilichogeuzwa, watu wakajazana hadi mlangoni. Wakati wa uzi wa buluu, wanawake walipiga yowe la pamoja. Lilipofika onyesho la uani niliacha kutazama kompyuta, nikawatazama watu. Ungo uliposimama, chumba kizima kikaacha kupumua. Ulipoanza tena, Bibi, aliyekuwa amekaa kando yangu, alinishika mkono kwa nguvu, kucha zikaingia. Maneno ya Kiswahili yaliyosemwa mle hakuyapata yote. Lakini aliusikia ungo.

Ilipokwisha alisema kitu kwa Kimwera, kwa sauti kubwa, watu wakapiga makofi. Nikamgeukia Mama Salma.

"Anasema muuaji kadanganyika," akanifasiria, "lakini yeye hajadanganyika. Anasema alipolisikia lile pigo alijua huyu mwanamke anaogopa."

Bwana Issa alinifungia kifurushi cha ufuta nimpelekee mama yangu. Nilikataa mara ya kwanza kwa aibu. Akasema, "Chukua, huu hauna mchanga," na safari hii nilikuwa wa kwanza kucheka.

Stendi ya Nachingwea, asubuhi, Bi Asumini alinisindikiza. Nikainama kumsikiliza mara ya mwisho. Nilitegemea usia mrefu. Akasema tu, "Filamu ijayo usinitafute kuniuliza. Itengeneze, kisha niletee niione."

Njiani kurudi sikulala. Basi lilipoteremka kuelekea pwani nilikuwa nikifikiri jinsi nilivyokwenda kuiba mtindo wa mtu, na jinsi ambavyo mtindo hauibiki. Bi Asumini aliupata wake chini ya macho ya wakubwa, akiwa amepiga goti. Wangu ulikuwa chini ya meza ya mama, nikiwa sijui kwamba ule woga una thamani yoyote. Na nisingeuona kama mwanamke mmoja wa Likunja hangeamua, siku aliyokuwa na kila haki ya kutufukuza, kuleta turubai.

Nilifika Mbagala nikamkuta mama yuko kwenye cherehani yake. Nilimpa ufuta, nikamwambia ametumiwa na watu wema. Kisha nikaomba kitu ambacho kilimshangaza: aendelee kushona tu, nami nikae pale nimsikilize.